Maboksi ya toleo la kwanza: kisa cha komiki yetu ya Jogoo Road

Tulichapisha kopi 1,000. Kwa miezi minne tukauza 263, tukagawa 40 bure, 69 zikabaki kwa rafu za maduka ya vitabu mjini na 628 zikarudi nyumbani kwangu Umoja kwa maboksi, nusu chini ya kitanda nusu kwa korido, mpaka mgeni akija lazima apite kiubavu. Toleo la pili likatoka miezi 13 baada ya la kwanza. Hapo katikati ndo tuliumia, na ndo maana nataka kukichambua hiki kisa polepole, juu naona vijana wengi hapa Nairobi wanajichapishia komiki zao na wanaingia mlango ule ule tulioingia sisi.

Komiki yenyewe ni ya makanga wa matatu za Jogoo Road anayeanza kuona watu waliokufa wakipanda gari la mwisho la usiku, na kila mmoja ana mahali alikuwa anaenda na hakufika. Tulipanga matoleo sita, hadithi moja ndefu. Mimi naandika na kushika pesa, mchoraji ni rafiki yangu tangu tukiwa shule, na nasema bila kuogopa kwamba mkono wake ni mzuri sana, akichora uso wa mtu aliyechoka kwa foleni ya Muthurwa saa moja jioni unaujua huo uso. Nilikuwa na akiba ya 90,000, dada yangu akaongeza 40,000 akaniambia utarudisha ukijaliwa. Hiyo 130,000 ndo ilikuwa yote.

Mchoraji tulikubaliana 2,000 kwa ukurasa, kurasa 22, yaani 44,000, nusu mwanzo na nusu tukishauza. Hata hiyo bei alinipea juu ya urafiki, ukurasa mmoja wa rangi unamla siku mbili na wakati mwingine tatu.

Alafu nikaenda kutafuta wa kuchapa. River Road na vichochoro vyake ukipanda ngazi yoyote karibu utakutana na mashine ya kuchapa, kadi za harusi, kalenda, risiti, vitabu vya shule, kila kitu. Nilizunguka siku mbili nikapata bei mbili ambazo nilikaa nazo usiku mzima. Ya kwanza ni dijitali, kopi 250 kwa shilingi 215 kila moja. Ya pili ni ofseti, kopi 1,000 kwa shilingi 92 kila moja. Kwa asiyejua, ofseti lazima utengenezewe pleti, na kwa kazi ya rangi ni pleti nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, kwa kila upande wa karatasi inayoingia kwa mashine. Hizo pleti pamoja na kazi ya kuiweka mashine sawa gharama yake ni ile ile ukichapa kopi kumi ama elfu kumi, ndo maana ukiongeza idadi bei ya kila kopi inashuka. Dijitali haina pleti, kopi ya kwanza na ya mia mbili zinakaribiana bei.

Fundi akaniangalia nikihesabu kwa simu akaniambia, "Kijana yangu, hiyo 250 unaninunulia mimi chai, hii elfu moja ndo yako." Na hakuwa ananidanganya, kwa hesabu ya kopi moja alikuwa sawa kabisa. Nikachukua elfu moja. Bei ilikuwa kabla ya VAT na mimi sikuwa nimeuliza, kwa hivyo 92,000 ikawa 106,720. Ukiongeza 22,000 ya mchoraji, 128,720. Nilibaki na shilingi 1,280, na komiki haijauzwa hata moja.

Hapa ndo kuna kitu ambacho nilikielewa nikiwa nimechelewa. Bei ya kopi moja ni kipimo cha mwenye mashine. Mtu mwenye kitabu kimoja anaweza kukitumia pia, kitabu kikikaa kwa boksi miaka mitatu kitauzwa tu mdogo mdogo. Lakini sisi hatukuwa na kitabu, tulikuwa na mfululizo, na mfululizo kipimo chake ni itachukua muda gani kabla msomaji apate toleo linalofuata. Kila shilingi iliyolala chini ya kitanda ilikuwa ni shilingi ya toleo la pili.

Nimeirudia hii hesabu mara nyingi. Kama ningechapa zile 250 za dijitali, na VAT ningelipa 62,350, ningebaki na 45,650 baada ya kumpa mchoraji nusu yake. Kopi 15 nigawe, 235 niuze, nyingi zikiwa kwa mkono kwa bei yetu ya 300, nikitoa kodi ya meza ya tamasha ningeingiza kama 59,740. Ukijumlisha ni 105,390. Na toleo la pili lote, yaani deni la mchoraji 22,000, nusu yake mpya 22,000 na kuchapa tena 62,350, lilitaka 106,350. Tungepungukiwa na 960. Shilingi mia tisa na sitini! Hiyo ningekopa kwa mtu yeyote, na toleo la pili lingetoka mwezi wa tano ama wa sita baada ya la kwanza, watu wakiwa bado wanamkumbuka makanga wetu.

Kuna mtu ataniambia toleo la kwanza ndo linauzwa zaidi kwa mfululizo wowote, kwa hivyo si hasara kuwa nalo jingi, juu kila msomaji mpya lazima aanzie hapo. Ni kweli, na nitaonyesha mbele kwamba ilitusaidia kiasi. Lakini faili haiozi, ukiishiwa unarudi River Road unachapa 50 zingine. Pesa ikishakuwa karatasi haurudi nayo mahali.

Kosa la pili lilikuwa saizi. Mimi nilipenda komiki za Marekani tangu utotoni na nilitaka yetu iwe na umbo lile lile, inchi 6 na kitu kwa 10 na robo. Sikujua karatasi inakuja kwa saizi gani. Mashine nyingi za dijitali mjini zinakula karatasi ya SRA3, ambayo ni milimita 320 kwa 450. Ukikunjua komiki ya saizi ya Kimarekani, kurasa mbili pamoja ni kama 337 kwa 260, kwa hivyo inaingia moja tu, na pembeni unabaki na mkanda mrefu ambao unakatwa na kutupwa, yaani unakula karatasi sawa na mtu aliyechapa A4. Ukichapa A5, ambayo ni nusu ya A4, zinaingia mbili kwa karatasi ile ile. Hakuna mtu alinificha hii, ni vile sikuuliza, nilienda na faili tayari nikasema chapa hii.

Rangi nayo inaniuma mpaka leo. Mchoraji alipaka usiku wa Jogoo Road kwa buluu fulani inayoelekea zambarau, kwa skrini ilikuwa inang'aa kama taa za gari kwa lami yenye maji. Skrini inachanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, karatasi inachanganya wino, na kuna buluu na zambarau ambazo wino hauwezi kuzifikia. Faili ilitakiwa igeuzwe kwenda CMYK, yaani zile rangi nne za wino wa kuchapa, na sisi tuiangalie na kuirekebisha kabla, sio mashine ijigeuzie. Fundi alisema nikingoja siku mbili ataniwekea sampuli iliyochapwa. Tamasha lilikuwa Jumamosi, hiyo ilikuwa Jumatano, nikaangalia kwa simu yangu nikasema endelea. Kurasa 9 mpaka 14, zile ambazo abiria wa kwanza anapanda, zikatoka na usiku mzito wa kijivu ambao uso wa yule marehemu hauonekani vizuri. Mara elfu moja. Mchoraji alipofungua boksi la kwanza alipitisha kidole kwa huo ukurasa na hakusema kitu. Ningependa angenifokea.

Sasa kuuza. Tamasha la komiki la wikendi tulilipia meza 8,000 tukauza kopi 118, na hiyo ni wikendi nzuri kuliko zote nimewahi kuwa nazo, watoto wamevaa kama wahusika wa katuni, baba mmoja alisimama akasoma komiki nzima alafu akanunua tatu. Mtu akikuona uso kwa uso na mchoraji yuko hapo anasaini kava, 300 inatoka. Kupitia mitandao na M-Pesa tuliuza 94, mtu analipa, tunampa mtu wa boda ama tunakutana mjini, wa Nakuru na Mombasa tunatuma na gari, gharama ya kutuma ni ya mnunuzi.

Maduka ya vitabu ni story nyingine. Matatu yalikubali kuchukua kopi 40 kila moja, mali kauli, wanauza kwanza alafu ndo wanalipa, na wao wanabaki na asilimia 40. Kwa hivyo kwa kopi ya 300 sisi tunapata 180. Siwakasirikii kwa hiyo asilimia, wanalipa kodi ya duka, wafanyakazi na stima. Tatizo ni mbili. Ya kwanza ni mahali walituweka, duka moja lilituweka kwa vitabu vya watoto wa chekechea, komiki yenye wafu ndani, lingine likatuweka rafu ya chini kabisa na mgongo ukiangalia nje, na komiki iliyopigwa stepo haina mgongo wa kuandika jina, ukiiweka hivo haionekani kabisa. Ya pili ni muda. Malipo ni siku 90 baada ya kuuza, na kuna duka moja ambalo nilienda mara tano ndo nikalipwa. Kopi 51 kwa miezi minne, 9,180. Hiyo pesa ilikuwa inaingia vipande vipande na kipande kinaisha kabla kingine kifike.

Wengine husema soko la komiki halipo Kenya na mimi hapo nakataa. Juha Kalulu wa Edward Gitau watu walimfuata kwa Taifa Leo kwa miongo. Shujaaz walianza 2010, kwa Sheng, wakawa wanafika kwa vijana kila mwezi, na wakashinda tuzo ya Emmy ya kimataifa. Wasomaji wapo kabisa. Lakini angalia hawa wote walifikaje kwa msomaji: Juha alikuwa ndani ya gazeti ambalo mtu ananunua kwa sababu zingine, Shujaaz ilikuwa bure ndani ya gazeti na kwa vibanda vya M-Pesa. Yaani wengi wetu tumekua tukipata komiki bila kuilipia yenyewe. Mtu wa kibanda changu cha magazeti hapa Umoja alipoona yetu aliipenda, akaifungua, alafu akauliza inakuja na gazeti gani. Kwa hivyo kila kopi tunayouza, tunauza komiki na pia tunamzoesha mtu kulipia komiki, na hiyo kazi ya pili inataka uonekane mara kwa mara, sio mara moja kwa mwaka.

Turudi kwa ile miezi 13. Baada ya miezi minne pesa yote iliyoingia, ukitoa meza, ilikuwa 64,780. Mchoraji alikuwa anadai 22,000 na nilimlipa kwa awamu nne, ya mwisho mwezi wa saba, na kila awamu alikuwa ameshaacha kuuliza, na mtu akiacha kuuliza deni ndo ujue umemchosha. Kazi yangu ya mkataba ikaisha, miezi miwili kodi ya nyumba ikatoka hapo hapo. Mchoraji akapata kazi ya kuchorea kampuni ya matangazo na akaichukua, na ana mtoto, mimi ningefanya hivo pia. Toleo la pili likawa linachorwa Jumapili.

Hapo kati kati ikatokea kitu kingine. Shirika moja likatutafuta, lilitaka kumtumia makanga wetu kwa kampeni ya usalama barabarani, na swali lao la kwanza likawa, mhusika ni wa nani? Mimi nikasema wetu. Mchoraji akasema, kwa upole, kwamba yeye ndo alimchora. Hatukuwa na karatasi hata moja. Nikaanza kusoma sheria ya hakimiliki ya 2001, na nakuambia ukweli ilinishtua, juu inasema kazi ikiwa umeiagiza kwa mtu ambaye si mwajiriwa wako, haki inahesabika imehamia kwako wewe uliyeagiza isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kwa maana hiyo mimi ningeweza kudai kila kitu kwa sababu ya 44,000 ambayo hata nilikuwa nimeilipa kwa kuchelewa. Lakini kwa WhatsApp ya miaka miwili nyuma nilikuwa nimemwandikia "hii kitu ni nusu nusu brathe". Je hayo ni makubaliano? Wakili angeweza kuvuta upande wowote. Shirika lilingoja wiki tatu likaenda kutafuta wengine. Tulikaa mahali Buruburu tukaandika ukurasa mmoja: hadithi na wahusika nusu kwa nusu, hakuna anayemkodisha makanga bila sahihi ya mwenzake, picha asili ni za mchoraji. Tukatia sahihi wote wawili, alafu tukaenda kusajili kazi kwa Kecobo, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kwa majina mawili. Haki inaanza yenyewe ukishaiweka kazi kwa karatasi, usajili ni wa kukupa ushahidi. Ilituchukua saa moja na nusu pamoja na chai. Ingefanywa siku ya kwanza lile shirika lingepata jibu hapo hapo.

Toleo la pili tulichapa 150, dijitali, A5, kwa 130 kila moja, na VAT 22,620, bei ya kuuza tukaweka shilingi 250 kwa kopi. Nilingoja sampuli safari hii. Rangi ikatoka poa kabisa. Lakini kurasa zilikuwa zimeshachorwa kwa saizi ya zamani na tukazipunguza tu kutoshea A5, herufi ndani ya viputo vya maneno zikawa ndogo na watu wazima wakawa wanashika komiki mbali kidogo na macho ndo wasome. Mama yangu aliacha ukurasa wa 6. Hilo ni kosa langu pia, herufi naziweka mimi.

Nikawaandikia wale 94 waliolipa kwa M-Pesa. 38 walijibu, 29 wakanunua. Wengine walijibu vizuri tu, mmoja aliniambia anakumbuka kuna makanga lakini amesahau ilikuwa inaenda wapi. Hilo jibu nimelibeba sana. Msomaji hakukasirika wala hakuiona mbaya, alisahau tu, na kwa miezi 13 ana haki ya kusahau. Kopi 42 zilienda kwa watu wapya kwa masoko ya wikendi, na 35 kati yao wakachukua na toleo la kwanza, hapo ndo maboksi yalitusaidia kama nilivosema. Jumla 71.

Nikafungua boksi la baba yangu la vitu vya zamani, ana Pichadithi kadhaa za miaka ya 80, zile ngano na hadithi za mashujaa zilizochorwa na kina Frank Odoi. Nilizisoma utotoni na sikuwahi kujiuliza kwa nini nilikuwa naweza kuokota yoyote na nikafurahi. Ni juu kila moja inaanza na kuisha yenyewe. Sisi tulikuwa tumeiga mtindo wa watu ambao wana wasambazaji na toleo kila mwezi, hadithi inakatwa mahali pa hatari na msomaji anangoja wiki nne. Wetu angengoja mwaka. Kwa hivyo nimeandika upya. Kila toleo sasa ni abiria mmoja, anapanda, tunajua alikuwa anaenda wapi, anafika ama hafiki, basi. Hadithi ya makanga mwenyewe inasonga kidogo kidogo nyuma. Mtu akichelewa kutupata ama sisi tukichelewa, bado ameshika kitu kizima.

Pesa ya toleo la tatu tunaikusanya kabla. Kickstarter, ule mtandao wa kuchangisha pesa za miradi, tuliiangalia mapema lakini Kenya haiko kwa nchi ambazo mtu anaweza kuanzisha mradi huko, na kupitia kwa rafiki aliye nje ni kumbebesha yeye jina na kodi, tukaacha. Tumefanya ya hapa hapa: unalipia 200 mapema kwa M-Pesa, jina lako linachapwa ukurasa wa mwisho, tukifika watu 100 tunachapa 150, tusipofika kabla ya tarehe niliyosema narudisha pesa zote. Hizo pesa siziguzi, ziko kwa laini tofauti ambayo PIN anayo dada yangu. Yeye mwenyewe bado ananidai, nimerudisha 15,000 kwa ile 40,000.

Jana usiku mchoraji ametuma ukurasa wa 17 kati ya 22. Abiria wa safari hii ni mwalimu aliyekuwa anarudi Donholm na bahasha ya karatasi za mtihani ambazo hakumaliza kusahihisha, na uso wake unaonekana vizuri hata kwa usiku. Herufi nimeziongeza ukubwa. Waliolipa ni 83, bado 17.